Ndoa ni Sitara, Lakini Haisitiri Damu



Vijana wenzangu, kaka zangu na dada zangu. Wengi mliniomba niyaweke hapa maneno niliyoyasema kwenye kikao chetu cha vijana Jumamosi. Nimeyaandika karibu vile vile nilivyoyasema, nimepunguza tu pale nilipojirudia. Nawaomba kitu kimoja: ukianza kusoma, fika mpaka mwisho kabla hujanihukumu.

Miaka sita iliyopita, upande wa Kisauni, nilisimama dirishani nikaangalia godoro likitupwa nje. Lilikuwa godoro la mke wa kijana aliyeshikwa siku mbili kabla, kwa kumkata mtu wa bodaboda kwa panga usiku. Mume alikuwa rumande. Mke alikuwa amebeba mtoto mmoja mgongoni na mwengine amemshika mkono. Na waliokuwa wakitupa vyombo nje si polisi. Walikuwa majirani, kina mama walewale waliompigia vigelegele siku ya harusi yake. Mmoja akapaza sauti: "Ulikuwa ukila damu ya watu!" Mwenye nyumba amesimama kando, amekunja mikono, hasemi kitu.

Kisa hiki nitakirudia, manake na mimi nimo ndani yake. Lakini kwanza tuulizane swali lenyewe. Mtu akiua, akikata watu, akipora kwa silaha, mkewe ana jukumu gani mbele ya Mwenyezi Mungu na mbele ya watu? Na kama mwenye panga ni mke, mumewe je?

Mtaani tuna majibu mawili tu. La kwanza: "Alijua. Mtu analala naye kitanda kimoja, atakosaje kujua? Washikwe wote." La pili: "Mke ni mke. Angefanya nini? Mwacheni." Mimi nawaambia majibu yote mawili ni ya uvivu. La kwanza linamtia hatiani mtu kwa sababu ya cheti cha ndoa. La pili linamchukulia mwanamke kama kiti cha sebuleni, hana akili wala dhamira yake. Hakuna hata moja linalomheshimu yule aliyekatwa mkono.

Mimi natumia maswali matatu. Alijua nini? Alikuwa na uwezo gani? Na alifanya nini? Yashikeni hayo matatu, tutembee nayo.

Tuanze na Qur'ani. Tukiulizwa jambo hili wengi wetu tunakimbilia msingi ule unaojulikana, kwamba nafsi haibebi mzigo wa nafsi nyengine. Ni kweli, na umerudiwa kwenye sura zaidi ya moja. Lakini tusiishie hapo. Surat At-Tahrim inatutajia wake watatu. Mke wa Nabii Nuhu na mke wa Nabii Lut waliishi kwenye nyumba za mitume, na haikuwafaa kitu. Mke wa Firauni aliishi kwenye nyumba ya dhalimu mkubwa wa zama zake, na yeye ndiye akafanywa mfano kwa walioamini. Mnaona? Ndoa peke yake haikuokoi, na ndoa peke yake haikuangamizi.

Halafu nenda Surat Al-Masad, ile fupi tuliyoihifadhi sote chuoni tukiwa wadogo. Mke wa Abu Lahab yumo. Je, ametajwa kwa sababu tu ya kuolewa na Abu Lahab? Hapana. Ametajwa na kazi yake: kubeba kuni. Wafasiri wamesema alikuwa akibeba miba akiitandaza njiani mwa Mtume (s.a.w.), na wengine wamesema kuni hizo ni fitina alizokuwa akizisambaza. Vyovyote vile, alikuwa na mkono wake ndani ya dhulma. Anabeba mzigo alioufunga mwenyewe.

Na yule mke wa Firauni, bibi Asiya, tunamkumbuka kwa imani yake, lakini tunasahau kitu kimoja. Hakuwa na jeshi. Hakuweza kumpindua mumewe. Watoto wa Bani Israil waliuawa akiwa humo humo ndani ya jumba. Lakini alipoletwa mtoto Musa, alikuwa na neno moja la kusema kumwombea asiuawe, na alilisema. Hakuulizwa kwa nini hakuuangusha ufalme wote. Alikuwa na uwezo wa neno, akautumia. Hilo ndilo swali letu la pili: uwezo. Mungu haikalifishi nafsi kitu isichokiweza, lakini kile kidogo unachokiweza hukusamehewa.

Sasa tuje kwenye zama zetu.

Tarehe 12 Juni 2016, ndani ya Ramadhani, mtu aitwaye Omar Mateen aliingia na bunduki kwenye klabu ya Pulse mjini Orlando, Marekani, akaua watu 49. Yeye mwenyewe akauawa na polisi. Mkewe, Noor Salman, alikuwa nyumbani na mtoto wao mdogo. Dunia nzima ikamgeukia yeye. FBI walimhoji saa nyingi, bila kurekodi sauti wala picha. Maelezo yakaandikwa na ofisa, naye akatia saini. Ndani ya maelezo hayo mliandikwa kwamba yeye na mumewe walipita kwa gari karibu na Pulse kupaangalia kabla ya shambulio. Baadaye rekodi za simu zikaonyesha kwamba safari hiyo haikuwepo. Fikiria: mtu ametia saini jambo ambalo halikutokea.

Alikamatwa Januari 2017 akashtakiwa kwa kumsaidia mumewe na kwa kuzuia uchunguzi. Alikaa ndani zaidi ya mwaka. Mawakili wake walisema mumewe alikuwa akimpiga na kumtawala. Na mke wa kwanza wa mtu huyo naye alishasema hadharani kuwa alikuwa akipigwa. Tarehe 30 Machi 2018, wananchi 12 wanaoamua kesi huko walimwona hana hatia kwa mashtaka yote.

Sikizeni sehemu hii kwa makini. Baada ya hukumu, kiongozi wa wale 12 alituma maelezo kwa gazeti la pale Orlando. Alisema kwamba kumwachilia hakumaanishi waliamini hakujua kitu. Waliona alijua mumewe anapanga jambo, pengine bila kujua siku wala mahali. Lakini hawakuulizwa kama alijua. Waliulizwa kama alisaidia. Na ushahidi wa kusaidia haukutosha.

Mimi sisemi alijua. Sikuwepo, na hayo ni maoni ya waliokaa kwenye kesi. Ninachotaka mkione ni pengo lililopo. Mahakama inauliza: ulifanya kosa hili lililoandikwa hapa? Dhamira yako inauliza jambo pana zaidi: ulijua, uliweza, ukanyamaza? Mtu anaweza kutoka mahakamani akiwa huru, na ikawa haki kabisa atoke huru, na bado usiku akalala na swali ambalo hakuna jaji anayeweza kumjibia.

Tuje nyumbani. 15 Januari 2019, hoteli ya DusitD2 pale Riverside, Nairobi. Watu 21 waliuawa. Mmoja wa washambuliaji alikuwa Salim Gichunge. Mkewe, Violet Kemunto, alitajwa na polisi kuwa mshukiwa na akatafutwa. Iliripotiwa kwamba siku chache kabla, alitangaza mtandaoni kuwa anauza vyombo vya nyumba kwa sababu wanahama Nairobi. Kumhukumu ni kazi ya mahakama, mimi simhukumu hapa. Ninachukua funzo moja tu kutoka kwa lile tangazo. Leo ukilisoma, nywele zinakusimama. Lakini siku lilipowekwa, ni nani angejua? Kochi na meza zinauzwa kila siku. Watu wanahama kila mwisho wa mwezi.

Ndiyo maana nasema tuwe waangalifu na neno "alijua". Baada ya damu kumwagika, kila kitu kinakuwa ishara. Alikuwa akirudi usiku. Alibadilisha laini ya simu. Alinunua begi jipya. Kabla ya damu, hayo ni maisha tu. Usimbebeshe mtu elimu ambayo wewe mwenyewe umeipata kwenye taarifa ya saa moja. Kujua ni kujua kweli: ameona silaha, amesikia mpango, ameoshea damu, amepokea mali akijua ilikotoka.

Sasa sheria ya Kenya inasemaje? Wengi wenu mtashangaa. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 396, inazungumzia mtu anayemficha au kumsaidia mhalifu baada ya kosa ili akwepe adhabu. Kifungu hicho hicho kinamwondoa mke anayempokea mumewe, na mume anayempokea mkewe. Na kwa jumla upande wa mashtaka hauwezi kumlazimisha mke kutoa ushahidi dhidi ya mumewe, isipokuwa kesi kama za makosa ya kingono, au pale aliyeumizwa ni yeye mwenyewe au watoto. Sheria inajua mapenzi ni nini. Inajua hofu ni nini. Haikutaka kumweka mtu kati ya kitanda chake na jela.

Lakini msiondoke hapa mkasema, "Alaa, kumbe mke anaruhusiwa kila kitu." Hapana. Huruma hiyo ni ya baada ya kosa. Ukitoa pesa za kununulia silaha, ukipeleleza nyumba ya kuvamiwa, ukiwa wewe ndiye unayeuza simu zilizoporwa, wewe si mke aliyenyamaza tena. Wewe umebeba kuni. Na Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2012 ina makali yake, ikiwemo kumhifadhi mtu ukijua alichokifanya. Hapo usitegemee maneno ya mtaani, wala yangu. Tafuta wakili.

Na kuna upande wa pili ambao sisi wa harakati za haki hatutachoka kuusema. Kumshika mke ili mume ajitokeze si uchunguzi, ni kuchukua mateka. Kumweka mama na mtoto mchanga seli wakati hana shtaka ni dhulma. Kifungu cha 49 cha Katiba kinampa kila aliyekamatwa haki ya kuambiwa sababu, haki ya kunyamaza, haki ya kuongea na wakili, na kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya kwanza ya mahakama kama saa hizo zimeangukia wikendi. Hakijasema "isipokuwa wake wa wahalifu". Tukimtetea mama huyo, hatumtetei aliyeua. Tunatetea msingi ule ule wa mzigo wa mtu kuubeba mwenyewe.

Haya. Sasa nirudi kwenye godoro.

Yule dada tulikuwa tumesoma madrasa moja. Yeye aliolewa mapema, mimi nikaenda chuo kuchukua diploma. Tulikuwa tukikaa ploti moja, milango inatazamana. Kama miezi miwili kabla ya mumewe kushikwa, alikuja kwangu baada ya Magharibi. Akakaa kitandani, akawa anazungusha pete kidoleni. Akaniambia mumewe anarudi alfajiri. Akaniambia ameona simu nne ndani ya ndoo ya unga, na panga limefungwa kwenye kanga yake yeye, ile ya harusi. Alimuuliza, akapigwa kofi, akaambiwa akifungua mdomo atarudishwa kwao akiwa amefunikwa sanda. Akaniuliza: "Nifanye nini?"

Mnajua nilimjibu nini? Mimi, mwenye diploma, mwenye kuzungumza kwenye vikao? Nilimwambia: "Vumilia dadangu. Muombee dua. Ndoa ni sitara." Nikamtengezea chai, akanywa, akaenda zake. Nikajiona nimempa nasaha.

Wiki ya tisa yule mtu wa bodaboda akakatwa. Alikuwa akitoka kumpeleka mteja. Walitaka pikipiki. Mkono wa kushoto ukakatika juu kidogo ya kifundo.

Siku godoro lilipotupwa nje, hakuna mtu aliyeniuliza kitu. Nilisimama dirishani nikiwa msafi. Hebu sasa tupime kwa maswali yetu matatu. Alijua nini? Alijua simu na panga. Na mimi? Nilijua hayo hayo, aliniambia yeye. Alikuwa na uwezo gani? Alikuwa na watoto wawili, hana kazi, na analala pembeni mwa mtu aliyemwahidi sanda. Na mimi? Nilikuwa na elimu, nilikuwa na nambari za mawakili kwenye simu yangu, nilikuwa na imamu anayenijua kwa jina, na hakuna mtu aliyenishikia panga. Alifanya nini? Alitoka nje ya nyumba yake akaja kumwambia mtu. Na mimi nikafanya nini? Nilimtengezea chai.

Basi niambieni, kwa haki, godoro la nani lilifaa kutupwa?

Simwondolei jukumu lote. Yeye mwenyewe hajiondolei. Tulipokutana baadaye aliniambia kuna usiku mmoja alifua shati akijua anachokifua. Hilo analo. Lakini ninachowaambia ni kwamba jukumu halikai kwenye kitanda tu. Linafuata elimu na uwezo. Wengi wanaomtupia mke mawe ni watu waliojua kama yeye, au zaidi yake: mwenye nyumba aliyepokea kodi bila kuuliza, maskani iliyonunua simu za bei rahisi, mama mkwe aliyeletewa sufuria mpya, rafiki aliyeambiwa vumilia ni ibada na yeye akaipitisha mbele.

Na neno hili "sitara" tulitazame upya. Ni neno zuri. Qur'ani imewafananisha mume na mke na vazi, kila mmoja kwa mwenzake. Vazi linafunika aibu: mume hana pesa, mke hajui kupika, wamegombana, mmoja anakoroma. Hayo funika, na atakayeyatangaza amefanya vibaya. Lakini vazi halikuwekwa kuficha panga. Aibu ya mtu na haki ya mtu mwengine ni vitu viwili. Unapoficha kosa linalomngoja mja asiyejua kitu barabarani, hujamsitiri mumeo. Umemvua nguo yule wa barabarani. Surat An-Nisaa imetuamrisha kusimamia uadilifu hata dhidi ya nafsi zetu, wazazi na jamaa wa karibu. Na Mtume (s.a.w.) alipofundisha kumsaidia ndugu akiwa dhalimu, masahaba waliuliza vipi, akawaambia ni kwa kumzuia na dhulma yake. Mke anayemzuia mumewe asiue hajamsaliti. Pengine ndiye mtu wa pekee aliyempenda kweli mtaa mzima.

Lakini hatuwezi kumwambia mtu aseme halafu tumwache peke yake. Kwa hivyo haya ndiyo ninayoyaomba, na ni mambo ya kufanya, si ya kupenda tu.

Kwa wewe uliye ndani ya nyumba kama hiyo. Usalama wako na wa watoto ndio wa kwanza. Usimkabili mtu mwenye silaha ndani ya chumba kimefungwa. Weka kitambulisho chako, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na pesa kidogo mahali unapoweza kuvichukua kwa dakika moja. Ukipigwa, laini ya 1195 inapigwa bure kwa wanaodhulumiwa majumbani, na 116 ni ya watoto. Sheria ya Kinga Dhidi ya Dhulma za Nyumbani ya 2015 inakuruhusu kuomba amri ya mahakama ya kukulinda. Na mlango wa Kadhi uko wazi: faskhi kwa sababu ya madhara si aibu, ni haki yako ya kisheria na ya kidini.

Usifue, usichome, usizike kitu. Usitumie pesa wala simu unazozijua zilikotoka. Ukiitwa kituoni, nenda na wakili. Kunyamaza ni haki yako, kusema uongo si haki yako. Usitie saini karatasi ambayo hujaisoma na kuielewa, hata kama umechoka, hata kama umeambiwa utaenda nyumbani ukishamaliza. Mkumbuke yule dada wa Orlando. Ukiripoti, ulizia nambari ya OB na uiandike. Na kama unahofia maisha yako kwa sababu wewe ni shahidi, kuna Shirika la Ulinzi wa Mashahidi lililowekwa na sheria. Wakili au shirika la haki linaweza kukufikisha huko.

Kwa wewe uliye mlango wa pili. Ukiambiwa, usimjibu na "vumilia". Muulize: uko salama leo usiku? Mpe mahali pa kulala. Mpeleke kwa mtu anayejua, usimpeleke kwa mtu anayependa habari. Kama yeye hawezi kwenda kuripoti, wewe una miguu. Na usimtaje jina kwenye grupu la mtaa, utamuua.

Kwa mwenye nyumba, kwa maimamu, kwa walimu wa madrasa. Mume akishikwa, mtoto wake asitolewe chuoni. Mke asitupiwe vyombo. Kwanza kwa sababu ni dhulma. Pili, tumieni akili: mke mwengine anachungulia dirishani. Naye ana panga ndani ya kanga yake. Akiona vile alivyofanyiwa mwenzake, unadhani atasema? Kila godoro tunalolitupa nje linamfunga mdomo mwanamke mwengine, na mdomo huo ukifungwa kuna mtu atakatwa.

Na kwa vijana wa kiume mlio hapa, wale mnaojijua. Unapomficha panga kwenye kanga ya mkeo, umemgawia dhambi yako bila kumuuliza. Unamwambia unampenda, na unamwachia kesi, watoto na jina la "mke wa jambazi". Hakuna mahari inayolipa hilo.

Namalizia. Mwaka jana nilimtafuta yule mtu wa bodaboda. Siku hizi anauza vocha na soda kwenye kibanda, anafungua chupa kwa mkono mmoja, ameibana katikati ya magoti. Nilimwambia kila kitu. Kwamba nilijua wiki tisa kabla. Nilitarajia atanitukana, na nilikuwa nimejiandaa. Alinyamaza muda, akamuuzia mtoto peremende, halafu akaniambia: "Ungeniambia tu, hata bila kutaja mtu. Ningelipita njia nyengine."

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Ndiyo sababu nilisimama Jumamosi, na ndiyo sababu nimeandika hapa. Yule dada, alhamdulillah, sasa ana chumba na cherehani, na wanawe wanasoma. Tulichanga. Haikurudisha mkono wa mtu, lakini ilikuwa ndani ya uwezo wetu, basi tukafanya.

Na wewe unayesoma, kama kuna mlango unaotazamana na wako na umeshasikia kitu, usingoje wiki ya tisa. Gonga leo.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh.